Nyuzi Tisini na Tatu

Katika mtihani wa kumaliza darasa la watu wazima nilipata alama arobaini na tisa, na alama ya kufaulu ilikuwa hamsini. Alama hiyo moja ilipotelea ndani ya sufuria ya maji. Kwa kuwa jambo hili limesimuliwa na watu wengi ambao hawakuwapo, nimeona ni vyema niliandike mwenyewe, kwa utaratibu wake.

Swali la thelathini na mbili liliuliza hivi: "Maji huchemka yakifika nyuzi joto ngapi?" Niliandika tisini na tatu. Msahihishaji aliweka kosa kwa wino mwekundu, kosa refu lililoshuka hadi swali la thelathini na tatu, ambalo nilikuwa nimelipata.

Sikukisia. Mimi ni msaidizi katika jiko la hospitali. Mwaka ule afisa wa afya alikuja kukagua maziwa ya wagonjwa, akatuachia kipimajoto cha kioo chenye mshipa mwekundu ndani yake, na kuagiza kwamba kila asubuhi mtu apime maziwa, apime na maji ya kunywa yanapochemka, kisha aandike kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Mpishi mkuu, mzee aliyekuwa akikaribia kustaafu, alikitazama kile kipimo kama mtu anavyomtazama mkwe asiyemwelewa, akanikabidhi. Alisema wewe ndiye unayesoma, basi soma.

Nilisoma miezi minane. Maziwa yalikuwa na tabia tofauti kila siku. Maji hayakuwa na tabia ila moja: yakianza kutokota, mshipa mwekundu hupanda mpaka tisini na tatu na kukaa hapo. Niliongeza kuni, ukabaki tisini na tatu. Niliongeza tena, maji yakaruka na kuzima nusu ya moto, na mshipa haukusogea. Ndipo nilipojua jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia: maji yakishachemka, ukiyazidishia moto hayazidi joto, huzidi kelele na mvuke tu, kisha hukauka. Nilikuwa nimechoma kuni za hospitali kwa miaka kumi na minne nikidhani naharakisha chakula.

Kwa hiyo siku ya mtihani, swali la thelathini na mbili ndilo pekee nililolijibu bila kutafuna kalamu.

Niliketi dawati moja na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ni fundi wa cherehani. Darasa letu hukutana alasiri katika shule ya watoto, na madawati ni ya watoto, hivyo watu wazima wawili wakiketi, magoti yao hukutana chini bila kuombana ruhusa. Wifi huandika herufi kubwa na karatasi yake huiacha wazi kama nguo iliyoanikwa. Niliona ameandika mia moja. Sikunakili. Nilimhurumia.

Matokeo yalibandikwa Jumatatu. Wifi alipata hamsini kamili.

Ningeweza kulipokea jambo hilo kwa utulivu kama si nafasi ya mpishi mkuu. Matroni wa hospitali alikuwa amenieleza tangu mwanzo wa mwaka kwamba mzee akiondoka nafasi hiyo ni yangu, kwa sharti moja, kwamba nilete cheti cha kumaliza darasa, kwa sababu mpishi mkuu hupokea maagizo ya daktari kwa maandishi. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa ya wiki ileile. Nisipokileta, angeletwa mwanamume mmoja kutoka hospitali nyingine, mwenye vyeti vitatu, ambaye sikuwahi kumwona lakini nilikuwa nimeanza kumchukia.

Jioni ile wifi alikuja nyumbani kunipa pole. Alikaa, akanywa chai, akaniambia mbele ya mume wangu, "Wifi, wenzako tunakwenda shule kujifunza kusoma. Wewe umekwenda kubishana na maji."

Mume wangu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu amepatanisha mke na dada kwa kutazama viatu vyake, alivitazama. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa kidato cha pili, alisema kwa upole kwamba vitabu vyote vimeandika mia, na kwamba ningeandika tu mia yaishe. Nilimjibu kwamba nimeona kwa macho yangu. Akasema mtihani hauulizi mtu alichokiona, huuliza alichofundishwa. Lilikuwa neno la kweli.

Kesho yake nilimpelekea mwalimu wetu zile karatasi za miezi minane. Mwalimu ana umri wa mwanangu wa kwanza, huniita Mama, na asipojua jambo hujikuna sikio kwa chaki, ndiyo maana sikio lake la kulia huwa jeupe. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba ni mia. Alisoma karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chaki ikaenda sikioni. Akaniomba nirudi jioni.

Niliporudi alikuwa na kitabu cha fizikia cha sekondari, kilichokatika mgongo, akaniwekea kidole chini ya picha ya mlima. Palikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo, za wino hafifu. Ulisema kwamba maji huchemka katika nyuzi joto mia usawa wa bahari, na kwamba kadiri mtu anavyopanda juu, kiwango hicho hupungua.

Nilimwomba anieleze kana kwamba mimi ni mtoto, naye alinieleza vizuri, nami nitamwelezea msomaji kama nilivyoelewa. Hewa ina uzito. Sote tunaubeba, ila tumezaliwa tukiwa nao, ndiyo maana hatulalamiki. Kule baharini mzigo huo ni kamili. Mji wetu umekaa mgongoni mwa mlima, na sehemu ya hewa imebaki chini yetu, hivyo mzigo ulio juu ya sufuria zetu ni mwepesi. Sasa, maji hayachemki mpaka mapovu ya mvuke yapate nguvu ya kuusukuma ule mzigo na kutoka. Ni kama mlango ulioegemewa na watu kwa nje: wakiwa kumi, mtu wa ndani hutoka jasho kabla hajaufungua, wakiwa saba, hutoka mapema bila kuchoka sana. Maji yetu hutoka mapema. Huruka na kufoka kama maji mengine yoyote, lakini hayajapata joto lile la maji ya chini.

Nina dada aliyeolewa karibu na bahari. Yeye huchemsha maharagwe kwa muda wa saa moja na nusu, na kwa miaka kumi na tisa amewaambia ndugu zetu wote kwamba mimi sijui kupika, kwa sababu kwangu huwa bado magumu saa hizo. Kumbe maharagwe hayaivi kwa kuyaona maji yakicheza. Huiva kwa joto, na joto lenyewe kwetu lina upungufu. Nilimpigia simu dada nikamweleza habari ya mzigo wa hewa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hicho ni kisingizio kizuri kuliko vyote alivyowahi kusikia.

Jumatano tulikwenda kwa afisa wa elimu ya watu wazima, ambaye ndiye mwenye mamlaka juu ya matokeo. Tulikuwa watatu: mimi, mwalimu, na wifi, aliyesema anakuja kusindikiza mgonjwa. Nilibeba kipimajoto nilichokizungushia taulo, karatasi zangu, na chupa ya chai iliyojaa vipande vya barafu nilivyopewa na watu wa maabara ya hospitali.

Afisa ni mtu mpole, husikiliza akiwa amefumba macho. Tulipomaliza aliyafumbua akasema kipimajoto changu ni kibovu. Nililitarajia neno hilo. Mwalimu alikuwa amenieleza kwamba barafu inayoyeyuka hushikilia sifuri popote duniani, mlimani na pwani, na tofauti yake haionekani kwa macho. Nikamimina barafu na maji yake katika glasi ya afisa, nikatumbukiza kipimo, tukasubiri. Mshipa ulishuka mpaka sifuri, ukatulia.

Afisa aliinama akautazama. Akasema, "Huenda kinaanza vizuri halafu kinachoka njiani. Nina wanafunzi wengi wa namna hiyo."

Wifi alicheka, kisha akakumbuka kwamba amenisindikiza, akaendelea kucheka.

Tukachemsha birika la umeme la ofisi. Birika lile hujizima lenyewe maji yakianza tu kuchemka, kwa hiyo karani aliitwa, akashikilia kitufe chake kwa rula huku uso wake ameugeuzia dirishani. Mvuke ulijaa chumbani, kalenda ya ukutani ikalegea pembe moja. Tulisoma kipimo kwa zamu. Afisa alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Tisini na tatu. Alifikiri, kisha akasema birika lake ni la chai, si la mitihani.

Ndipo mwalimu alipompa kile kitabu. Afisa aliusoma ule mstari mara mbili, akageuza jalada, akatafuta muhuri unaoonyesha kwamba kitabu kimeidhinishwa kutumika shuleni, akaupata, akasema ni kweli. Niliona ajabu kidogo kwamba maji yaliyotuchemkia puani hayakutosha, na mstari mmoja wa wino umetosha. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimehangaika miaka miwili ili niujue wino, kwa hiyo sikuwa na haki ya kuudharau.

Afisa alitoa kalamu nyekundu. Alieleza kwamba kosa la kusahihisha anaweza kulirekebisha kwa mkono wake, siku hiyohiyo: arobaini na tisa yangu itakuwa hamsini, na cheti nitakichukua kesho. Nilikwisha kujiona nimevaa aproni ya mpishi mkuu, ambayo ina mifuko miwili.

Kisha akafungua orodha ya darasa zima. Alisema kwamba kama jibu sahihi ni tisini na tatu, basi walioandika mia walipewa alama kimakosa, na mkono uleule unaoongeza hauna budi kupunguza. Walikuwa kumi na mmoja. Alishusha kidole taratibu. Kumi walikuwa na alama za kutosha, hakuna aliyeumia. Kidole kikasimama.

"Huyu wa hamsini atabaki na arobaini na tisa," alisema. "Ni nani huyu?"

Wifi aliinua mkono kama tuko darasani.

Ninapaswa kueleza kwamba wifi alikuwa ameshanunua fremu. Vyeti vilikuwa havijatolewa, lakini fremu ilikuwa tayari juu ya cherehani yake, ikiwa tupu, na wateja waliouliza ni picha ya nani walijibiwa wasubiri. Alinitazama tu, kama anavyotazama kitambaa ambacho mteja ameleta na hakitoshi.

Nilimuuliza afisa kama hakuna njia nyingine. Alisema ipo. Anaweza kuomba majibu yote mawili yakubaliwe. Ila huko ni kubadilisha mwongozo wa kusahihisha, na mwongozo si wake, ni wa makao makuu. Itabidi aandike barua. Jibu linaweza kuchukua mwezi, au miezi, na mpaka lifike, matokeo yatakaa kama yalivyobandikwa: wifi hamsini, mimi arobaini na tisa. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa.

Sitajifanya kwamba sikufikiri. Nilifikiri miaka kumi na minne ya kumenya vitunguu vya watu. Nilimfikiri yule mwanamume wa vyeti vitatu. Niliufikiri pia ulimi wa wifi yangu, nikaona kwamba kwa ulimi huo pekee angestahili kupoteza alama tatu. Lakini kila nilipolipima jibu lake, sikuona kosa. Dada yangu angetumbukiza kipimajoto katika sufuria yake kule baharini, angeandika mia, na angekuwa amesema kweli. Nami nilikuwa nimeitwa mkosaji siku mbili nzima kwa kusema kweli, na nilikuwa ninajua jambo hilo linavyouma.

Nikasema, "Bwana Afisa, wifi hakukosa. Swali halikusema sufuria iko wapi. Mtu akiniuliza sokoni ni mbali kiasi gani, sharti nijue amesimama wapi ndipo nimjibu. Wifi amejibu kwa kule, mimi nimejibu kwa hapa. Andika barua."

Afisa aliniuliza kama ninajua barua zinavyotembea. Nikasema ninajua.

Wifi akanigeukia. "Usinifanyie hisani utakayonisimanga mpaka kaburini."

"Sikufanyii wewe," nilimwambia. "Ninayafanyia maji."

Utaratibu ulitaka maelezo yaandikwe kwa mkono wa mlalamikaji. Kwa hiyo niliandika mimi, kurasa mbili, katika meza ya karani ambayo ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Nilieleza habari ya mzigo wa hewa, na mlango, na watu kumi na watu saba. Mwalimu alijizuia kunisaidia kwa sababu afisa alikuwa akimtazama. Wifi alikaa akiibana meza kwa goti ili isicheze, na ilipohitajika shahidi, alitia sahihi yake, polepole, ulimi ukiwa umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Tulitoka ofisi zikifungwa. Tulipofika kwake, wifi alisema mwandiko wangu umeinama upande mmoja.

Ijumaa niliingia kwa matroni bila cheti. Nilikuwa na nakala ya barua yenye muhuri, na nilimweleza yote kuanzia kipimajoto, kwa kuwa sikujua namna fupi ya kulieleza. Matroni alisoma kurasa zote mbili akiwa amesimama. Aliporudi mwanzo na kuanza kusoma tena, nilijua nafasi imekwenda.

Akaniuliza kama hiyo ndiyo sababu maharagwe ya wagonjwa hufika wodini yamechelewa, na yakifika huwa magumu, hata daktari wa meno amewahi kumwandikia barua kuhusu jambo hilo. Nilimjibu kwamba ndiyo. Ratiba ya jiko ilikuja imechapishwa kutoka mahali fulani pa chini, nayo husema saa moja na nusu, na mzee aliifuata ratiba kwa uaminifu kila siku, kisha akailaumu mbegu. Matroni akauliza inahitajika muda gani. Nikasema yakilowekwa tangu jioni na kufunikwa vizuri, muda wa saa tatu. Yasipolowekwa, asubuhi nzima pamoja na lawama. Na kama hospitali ingenunua sufuria ya mvuke, ile ya kifuniko cha kukaza, mvuke ungezuiwa ndani ukatuongezea ule mzigo tunaokosa, na maji yangepata joto hata kuzidi mia.

Matroni alikaa. Alisema sheria haimruhusu kuniteua bila cheti, na kwamba yeye si mtu wa kuvunja sheria. Nikasema sikuja kumwomba aivunje. Alisema hata hivyo sheria inamruhusu kuteua kaimu, mpaka hapo jibu la makao makuu litakapofika. Akachukua karatasi akaandika hivyo, kwa maneno hayohayo, akaipiga muhuri, akanipa niisome kwa sauti ili awe na hakika.

Jibu halijafika hadi leo, na huu ni mwaka wa tatu. Afisa alihamishwa. Aliyemfuata alinieleza kwamba faili lipo, na kwamba linatembea. Swali la thelathini na mbili limetoka tena mwaka huu likiwa vilevile, na mwalimu amewafundisha wanafunzi wapya waandike mia na wajue tisini na tatu, jambo ambalo sikulipenda lakini sina la kumlaumu. Yule mwanamume wa vyeti vitatu hakuitwa, nami nimeacha kumchukia, kwa kuwa hakuna nafasi iliyo wazi: ina kaimu. Ninafanya kazi zote za mpishi mkuu, ninapokea maagizo ya daktari kwa maandishi na kuyajibu kwa maandishi, maharagwe hupanda motoni asubuhi na mapema na kufika wodini saa sita yakiwa laini. Neno "Kaimu" limeshonwa kifuani mwa aproni yangu kwa uzi wa buluu. Wifi ndiye aliyelishona, bila kuombwa.

Yeye huleta mashuka ya hospitali aliyoyapinda kila Jumanne, na akipita huingiza kichwa chake dirishani mwa jiko.

"Kaimu," huniuliza, "maji yamechemka?"

"Kwa hapa," humjibu, "yamechemka."

Naye huenda zake na mashuka yake.